Sifuri Iliyoninyima Usingizi

Karatasi ilitoka kwenye printa ikiwa bado ya moto. Mtaalamu wa kipimo cha macho cha kamera akanikabidhi huku akitabasamu.

"Macho ya mtoto yako sawa, mama. Pembe kati ya jicho na jicho ni nyuzi 0.6 tu. Hiyo ni kama hakuna."

Binti yangu alikuwa amekaa mapajani mwangu. Ana miaka mitatu na miezi minne, na alikuwa amemshika dubu wake wa kitambaa kwa sikio, kama kawaida yake. Nikainama nimtazame usoni. Alikuwa akiikodolea skrini iliyokwisha kuzimwa, akingoja sungura arudi. Jicho la kushoto lilikuwa limeelekea kwenye skrini. La kulia lilikuwa limeingia puani, kama lilivyoingia asubuhi ile nikimfunga viatu, kama linavyoingia kila siku tangu alipokuwa na miaka miwili.

Karatasi ilisema sifuri na vijisehemu. Jicho nililokuwa nalitazama lilisema mengine.

Sikubisha. Nilishukuru, nikaikunja karatasi mara nne, nikambeba mwanangu. Mlangoni akaniuliza, "Mama, sungura amelala?" Nikamjibu ndiyo, amelala.

Namba ile ilinikaa kichwani wiki tano.

Namba mbili za kabla

Kabla ya kamera kulikuwa na vioo. Mzazi aliyepita huko anaujua ule upau wa prizimu: vipande angavu vilivyopangwa kama ngazi, cha juu chembamba, cha chini kinene kama kidole gumba. Mtaalamu anaushika mbele ya jicho moja, na mkono wa pili una kijiko cheusi cha kuzibia. Kijiko kinahama kutoka jicho hadi jicho, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Kila kinapohama, jicho lililofunuliwa linaruka kuitafuta picha. Mtaalamu anahamisha upau ngazi moja, jicho linaruka tena lakini kwa kupungua. Anahamisha tena. Pale linapoacha kuruka, ngazi aliyofika ndiyo jibu.

Jibu huandikwa kwa prizimu diopta. Diopta 1 ni mwanga kupindishwa sentimita 1 kwa kila mita 1 ya safari yake. Kwa hiyo mtoto mwenye 30, ukimweka dubu mita moja mbele yake, jicho moja linamtazama dubu, na la pili linatazama sentimita 30 pembeni. Nilipolielewa hilo nilimweka dubu sakafuni, nikachukua rula, nikapima.

Sentimita 30 ni mbali sana na dubu.

Binti yangu alipimwa na wataalamu wawili tofauti, siku kumi na moja kati yao, mara zote akiwa na miwani yake usoni. Wa kwanza aliandika 30. Wa pili aliandika 40.

Nilidhani mmoja amekosea, na kwa siku kadhaa nilihangaika kuamua ni nani. Yule wa kwanza alikuwa mwenye haraka. Yule wa pili alikuwa mpole, akamwimbia mtoto. Je, upole unapima vizuri zaidi? Baadaye nikajua kwamba swali langu lenyewe lilikuwa limekaa vibaya. Watafiti wa Marekani waliwahi kuwapa wataalamu wenye uzoefu watoto walewale wawapime, kila mmoja kwa wakati wake, na mwaka 2009 wakaandika kwamba kwa kengeza la kuingia ndani linalozidi diopta 20, tofauti isiyofika 12 kati ya vipimo viwili inaweza kuwa ya upimaji wenyewe. Jicho la mtoto linaweza lisiwe limebadilika hata kidogo. Yaani 30 na 40 zingeweza kuwa mtoto yuleyule, siku ileile, na hakuna aliyekosea.

Hilo halikunituliza, kwa sababu tayari nilikuwa nimeambiwa kumi hiyo inakwenda wapi. Kengeza la kuingia ndani likibaki baada ya miwani, daktari wa upasuaji huirudisha nyuma misuli ya upande wa pua. Kuna jedwali ambalo wengi wamelitumia kwa miaka mingi: kwa diopta 30 msuli unarudishwa milimita 4.5 kwenye kila jicho. Kwa diopta 40, milimita 5.5. Milimita moja kila upande, kwenye jicho ambalo zima zima halifiki sentimita mbili na nusu. Ukirudisha pungufu, jicho linabaki ndani. Ukizidisha, linakwenda nje.

Ndiyo maana tulipelekwa kwenye kamera. Daktari alitaka namba ya tatu, isiyotegemea mkono wa mtu. Mimi niliitaka kuliko yeye.

Nukta ya mwanga

Usiku wa siku ile ya sifuri nilifungua simu nikaanza kupitia picha. Nilizo nazo ni mia kadhaa. Nilichokuwa nakitafuta ni ile nukta nyeupe ambayo mwanga wa simu huiacha juu ya jicho.

Daktari Mjerumani Julius Hirschberg aliitumia nukta hiyo katika miaka ya 1880, kwa mshumaa. Mshumaa unashikwa mbele ya mgonjwa, na mpimaji anaangalia mwali umekaa wapi juu ya kila jicho. Macho yakiwa yamenyooka, nukta mbili zinakaa mahali palepale, karibu na katikati ya mboni. Jicho likiingia puani, nukta yake inaonekana imesogea upande wa sikio.

Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba nukta ikisogea milimita 1, jicho limegeuka diopta 15 hivi. Baadaye watu walipopima kwa picha badala ya kukadiria kwa macho, walipata takriban diopta 22 kwa milimita ileile. Nilirudia kuisoma sehemu hiyo. Nukta ya binti yangu, kwa kadiri nilivyoweza kupima kwenye picha iliyokuzwa, ilikuwa imesogea milimita moja na nusu. Kwa hesabu ya zamani hiyo ni 22 na kitu. Kwa hesabu mpya ni 33. Na kila mtoto ana uwiano wake, kwa sababu mviringo wa jicho hutofautiana.

Kuna kingine kinachochanganya. Hata jicho lililonyooka kabisa halitazami kupitia katikati ya mboni yake. Mstari wa kuona na mstari wa mboni vinapishana kwa nyuzi kadhaa, na kwa watoto wadogo kupishana huko huwa kukubwa kuliko kwa watu wazima. Mtoto mwingine anaonekana ana kengeza kumbe ni hiyo pembe. Mwingine analo kweli, na pembe hiyo inalificha. Bado hujafika kwa wale wenye daraja pana la pua na mkunjo wa ngozi kwenye kona ya jicho, ambao macho yao yamenyooka ila uso unakudanganya.

Niseme jambo moja hapa kabla sijaendelea, maana najua wapo watakaosoma hadi hapa na kwenda kufungua picha zao. Mtoto mchanga wa wiki chache macho yake kupotea na kurudi ni kawaida. Akishapita miezi minne na jicho bado linaingia au linatoka, apelekwe kwa daktari. Na ukiona mboni moja inang'aa nyeupe kwenye picha za mwanga, apelekwe haraka, usingoje foleni ya kipimo chochote cha kisasa. Mara chache, mboni nyeupe na kengeza huwa dalili za saratani ya retina ya watoto, na hiyo haitaki kusubiri.

Picha zangu zote zilisema jicho limeingia. Sasa kwa nini mashine iseme limenyooka?

Kile kamera inachokiona

Nilitaka kwanza kuilaumu kamera. Nikadhani labda haikuyaona macho yenyewe. Binti yangu ana macho meusi ti, na ukimpiga picha ya kawaida ndani ya nyumba hupati kuona mboni inaanzia wapi na duara la rangi linaishia wapi. Vyote ni giza moja. Programu za simu zinazotegemea mwanga wa kawaida hupata shida hapo hapo, na watoto wenye macho meusi ni wengi mno duniani kuachwa nje ya hesabu.

Lakini mashine ile haitumii mwanga wa kawaida. Chini ya skrini kuna taa ndogo za infraredi ambazo sisi hatuzioni. Melanini inayoyafanya macho yawe meusi hainyonyi sana mwanga wa aina hiyo, kwa hiyo kwenye picha ya infraredi jicho jeusi linageuka kijivu, na mboni inabaki duara jeusi lililochongoka kingo. Juu yake inakaa nukta ya taa, ileile ya Hirschberg. Mashine inatafuta katikati ya mboni, inatafuta nukta, inapima umbali na mwelekeo kati ya hivyo viwili. Jicho likigeuka, mboni inasogea kuliko nukta, na umbali unabadilika. Inafanya hivyo mara 60 au 120 kwa sekunde, nyingine zaidi ya hapo.

Mwaka 1963 mhandisi David Robinson alieleza njia ya kupima mwendo wa jicho kwa usahihi mkubwa, lakini ilihitaji koili ya waya ivaliwe juu ya jicho lenyewe. Nani atamvisha hiyo mtoto wa miaka mitatu? Kamera haimgusi. Anatazama sungura, basi.

Kwa hiyo kamera iliona vizuri. Hata kwenye karatasi waliandika: ubora wa picha, mzuri.

Hapo ndipo nilipoanza kujishuku mimi.

Mzazi anayetaka mwanawe awe mgonjwa

Sijui kama nitaweza kueleza hali hiyo ilivyo. Umeambiwa mwanao ni mzima. Umepewa karatasi yenye namba ndogo, iliyotoka kwenye mashine ya gharama, mbele ya mtu aliyeisomea. Ndugu wote wanafurahi. Mama mkwe wangu alisema, "Si nilikwambia? Atakua, yatanyooka." Mume wangu alisema tuishukuru siku na tuiache hivyo. Na wewe usiku unamulika tochi usoni mwa mtoto aliyelala nusu, ukitafuta ubovu.

Nilijiuliza kama nimezoea kuwa na tatizo. Tulikuwa tumepitia miezi ya kibandiko: saa mbili kila siku jicho la kushoto linazibwa ili la kulia, lililokuwa limeanza kuwa vivu, lilazimike kufanya kazi. Alilia wiki ya kwanza. Wiki ya tatu alianza kukileta kibandiko mwenyewe na kunyoosha uso. Jicho lake lilipata nguvu, likaanza kuona vizuri peke yake. Huenda nilikuwa nimejishikiza kwenye vita hiyo hata nisiweze kukubali kwamba imekwisha?

Lakini kila nilipotaka kuiacha nilikumbuka kwamba muda wenyewe hausubiri. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa paka wachanga kwamba jicho likinyimwa kuona katika kipindi fulani cha mwanzo wa maisha, ubongo unajipanga bila hilo jicho. Mtoto wangu yumo ndani ya kipindi chake sasa hivi. Nikikaa kimya mwaka mzima kwa sababu ya karatasi, mwaka huo haurudi.

Nilibaki hivyo, sisemi na silali.

Bakuli

Jumapili moja nilikuwa napima unga. Niliweka bakuli juu ya mizani, nikabonyeza kitufe, mizani ikasoma sifuri.

Bakuli lilikuwa bado juu yake.

Nilisimama pale na kijiko mkononi. Nikaliondoa bakuli, mizani ikasoma namba hasi. Nikalirudisha, sifuri. Mashine ilikuwa imeambiwa: hesabu kuanzia hapa, hiki kilichopo tayari usikihesabu.

Nikamkumbuka sungura. Kabla ya kipimo chenyewe, sungura alikuwa ameruka kwenye pembe za skrini. Juu kushoto, kengele ikalia. Juu kulia. Chini, chini, halafu katikati. Mara tano. Mtaalamu alikuwa amesema, "Hapa tunaizoesha mashine kwanza." Nami sikulitilia maanani hata kidogo, nilikuwa nahangaika kumzuia mtoto asigeuze kichwa.

Mashine ya kufuatilia macho haijui mtu anatazama wapi mpaka iambiwe. Inaona mboni na nukta tu, na kwa sababu kila jicho lina umbo lake na ile pembe yake ya kupishana, inahitaji kusawazishwa: unamwonyesha mtu kitu mahali panapojulikana, na mashine inajiwekea kwamba mboni ikikaa hivi, mtazamo uko pale. Kwa mtu mwenye macho yaliyonyooka, hilo linafanyika kwa macho yote mawili kwa pamoja, na halina madhara yoyote.

Kwa binti yangu, kila sungura alipotokea, jicho la kushoto lilikuwa juu ya sungura na la kulia lilikuwa nyuzi kumi na saba hadi ishirini na mbili ndani, yaani zile diopta 30 na 40. Mashine ikaambiwa: macho yote mawili yanamtazama sungura. Ikaamini. Ikachukua lile jicho lililoingia puani, ikaandika kwamba huko ndiko mbele kwake, na kuanzia hapo ikawa inaondoa nyuzi hizo kila mara.

Kengeza lake lilikuwa lile bakuli.

Nikakaa chini kwenye kiti cha jikoni. Sikumbuki kama unga ule niliukanda.

Simu kwa daktari

Ilinichukua siku mbili zaidi kupiga simu. Niliandika kwanza nitakachosema, maana nilijua nikianza kueleza habari za mizani nitapoteza mtu.

"Daktari, shikamoo, samahani kwa usumbufu. Nina swali moja kuhusu kile kipimo cha kamera. Wakati mashine inasawazishwa, macho ya mtoto yote mawili yalikuwa wazi. Hiyo ni sawa kwa mtoto mwenye kengeza?"

Kimya kidogo.

"Marahaba, mama. Yalikuwa wazi yote mawili? Una hakika?"

"Nilikuwa nimempakata. Hakuzibwa."

"Na miwani?"

Nikakumbuka. "Walimvua. Walisema taa zinarudi kwenye vioo, kamera inachanganyikiwa."

Alivuta pumzi. Kisha akasema neno ambalo nitamheshimu kwalo siku zote: "Basi ile karatasi tuiweke kando. Nipe muda niongee na mwenzangu, halafu mlete."

Yule mtaalamu wa kipimo sina kinyongo naye. Alifanya kile programu ilichomwelekeza afanye. Mashine za namna hiyo zimeenea kwa wanaochunguza jinsi watu wanavyosoma, wanavyotazama matangazo, wanavyotumia kompyuta, na kwa kazi hizo kusawazisha macho yote mawili kwa pamoja ndiyo njia ya kawaida na ya haraka. Kinachoniuma ni kwamba kipimo kilichoanza kwa kudhani macho yamenyooka kilitumika kuuliza kama yamenyooka, na jibu likachapwa kwa wino uleule na kwa desimali zilezile ambazo jibu la kweli lingechapwa nazo. Hapakuwa na alama yoyote ya tahadhari.

Kioo cheusi

Safari ya pili chumba kilikuwa kilekile, sungura yuleyule. Miwani haikuvuliwa, skrini iliinamishwa kidogo hadi mng'ao wa taa ukatoka mbele ya mboni. Hilo tu lilichukua dakika nane.

Kisha mtaalamu akatoa kifuniko cheusi tii, cha ukubwa wa kiganja cha mtoto. Nilijaribu kuchungulia, sikuona kitu. "Sisi hatuoni kupitia hapa," akasema, "ila infraredi inapita. Mtoto ataona giza, kamera itaendelea kuliona jicho." Akanigeuzia skrini yake ndogo nami nione.

Akalifunika jicho la kushoto. Sungura akatokea juu kushoto.

Jicho la kulia la binti yangu likatoka puani. Lilitoka taratibu, likatikisika kidogo, likamshika sungura likatulia. Miezi yote ile ya kibandiko ilikuwa kwenye mwendo ule mmoja: jicho lililokuwa halitaki kazi sasa lilikuwa linatazama lenyewe, na mashine iliweza kusawazishwa nalo. Lingekuwa bado dhaifu lisingeweza kutulia juu ya kitu, na kipimo kisingewezekana.

Lakini nilichokuwa nakitazama ni la kushoto, lile lililofunikwa. Kwenye skrini lilionekana kijivu, wazi kabisa, nyuma ya kifuniko ambacho mimi nilikiona cheusi. Na lilikuwa limeingia puani.

Lile zima. Lile nililoliita siku zote jicho zuri.

"Ni kawaida," mtaalamu akasema, aliponiona nimeduwaa. "Moja likishika kazi, pembe inakwenda kwa mwenzake. Kengeza ni la macho mawili, mama." Nilikuwa nimelizunguka jicho la kulia kwa mwaka na zaidi kana kwamba ndilo mkosaji, nikiliongelea hadharani, mbele ya mtoto. "Lile jicho lako baya." Nimewahi kumwambia hivyo. Niliona haya pale kitini.

Kila jicho lilisawazishwa peke yake, mwenzake akiwa nyuma ya kifuniko. Halafu vifuniko vikaondolewa, macho yote mawili yakaachwa wazi, na kipimo kikaanza.

Mstari wa pembe kwenye skrini ulianza kwenye diopta 27. Sungura aliporuka ruka ulicheza hapo hapo, 27, 29, 28. Kisha mtaalamu akamwondoa sungura akaleta picha ndogo ndogo, za kulazimisha ukazie macho: mwezi, samaki, ufunguo. "Hiki nini?" "Samaki!" Mstari ukapanda 34. "Na hiki?" Kimya, anakaza macho. 38. "Ufunguo." 41.

Nilielewa bila kuambiwa, maana hili nililisoma tangu tulipopewa miwani. Tangu kitabu cha Mholanzi Franciscus Donders cha mwaka 1864 inajulikana kwamba jicho linapojikaza kuona kitu cha karibu linavutwa ndani pia, na kwa mtoto mwenye jicho linalojikaza kupita kiasi mvuto huo unazidi. Miwani inaondoa sehemu ya kujikaza huko. Kwa binti yangu haiondoi yote.

Nikawakumbuka wale wawili, wa 30 na wa 40. Yule mwenye haraka alikuwa ametumia mdoli mkubwa mwenye taa. Yule aliyeimba alikuwa na kijiti chenye picha ndogo. Labda ndiyo sababu, labda siyo. Mtoto mwenyewe alikuwa amebeba 30 na 40 zote mbili, akatoa ile aliyoombwa.

Yaliyobaki bila jibu

Nisingependa mtu amalize kusoma akidhani safari ya pili ilitupa ukweli wote. Skrini ilikuwa sentimita 60 kutoka usoni, wakati vipimo vya prizimu hufanywa kwa umbali wa mita 6, na tena kwa umbali wa sentimita 33, na kengeza la mtoto linaweza kutofautiana kati ya mbali na karibu. Kati ya sekunde 90 zilizorekodiwa, 52 tu ndizo zilizofaa. Nyingine alikuwa amegeuka, amefumba, au dubu amepanda juu ya pua. Na niliona mwenyewe kwamba sekunde zilizopotea nyingi ni za mwisho, alipochoka, na uchovu ndio wakati jicho lake huingia zaidi nyumbani. Mashine ikitoa wastani wa 52 zile, inatoa wastani wa mtoto asiyechoka.

Halafu nawaza watoto ambao hawawezi kukaa hata sekunde 20. Wenye jicho dhaifu lisilotulia juu ya kitu. Wale ambao kope zinafunika nusu ya mboni. Hao ndio wenye haja kubwa zaidi ya namba, na ndio ambao kamera huwakosa.

Hata hivyo kuna kitu kamera imenipa ambacho upau wa prizimu haukuwahi kunipa. Rekodi ipo. Daktari aliirudisha nyuma mara tatu mbele yangu, akaisimamisha kwenye neno "ufunguo", akaitazama. Kipimo cha mkono kikishafanyika kimekwenda; unabaki na namba na imani yako kwa aliyeiandika. Hapa niliweza kunyoosha kidole nikauliza, "Hapa kwa nini imepanda?" na sote wawili tukawa tunatazama kitu kimoja.

Aliponisikiliza kuhusu jioni, akaniomba nimrekodi kwa simu sekunde 20 kila siku, asubuhi na kabla ya kulala, na niandike saa. Hatafanya upasuaji kwa namba ya siku moja, akasema. Tutapima tena kwa prizimu, mbali na karibu, kwa picha ndogo, na tutapima tena kwa kamera.

Kisha akafungua faili. Kwenye nafasi ya pembe palikuwa pameandikwa 0.6, kwa mwandiko wa mtu mwingine. Akaipiga mstari mmoja, asiifute. Pembeni akaandika: "27 hadi 41, na miwani, karibu, saa 4:20 asubuhi." Akafikiri kidogo, akaongeza: "Mama anasema jioni huzidi."

Binti yangu alikuwa amekwisha kushuka mapajani, amesimama mbele ya skrini iliyozimwa, dubu ameshikwa kwa sikio.

"Sungura amelala tena?"

"Amelala," akamjibu daktari. "Wiki ijayo tutamwamsha."